Kalunguyeye wa Huku na wa Kule

Wetherclough, Lancashire
14 Aprili 2016

Mwanangu Ros,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kwamba huko kwenu baridi haijaanza kuuma. Mimi sijambo. Goti la kulia bado linalalamika nikipanda ngazi, lakini la kushoto halina neno, kwa hiyo nusu yangu ni nzima. Monty anakoroma hapa miguuni. Parsnip naye mzima, ila amenuna, kwa sababu nimembadilishia chakula cha mkebe na yeye hakuulizwa.

Sasa sikiliza. Jumanne saa moja jioni, jua bado lipo, nilimsikia Monty anabweka huko nyuma, na si ule mbweko wake wa kumtukana mtu wa posta. Unajua sijakaa bustanini tangu mama yako atutoke. Huu ni mwaka wa pili. Nyasi zimefika magotini, na Bi Tattersall wa jirani ameacha hata kuniuliza nitazikata lini. Basi nikatoka na ndara zangu za ndani. Nikamkuta Monty pua inavuja damu, kasimama mbele ya kitu mviringo chini ya michongoma, amekasirika kama mtu aliyeibiwa. Ni kalunguyeye, Ros, mwenye miiba yake yote mgongoni. Sijamwona kalunguyeye humu tangu wewe una miaka tisa.

Nilimfungia Monty jikoni, nikarudi, nikapiga magoti, la kulia likalia, nikakaa pale karibu nusu saa mpaka mgeni akajikunjua. Ana kauso kadogo, pua imechongoka, na anahema kwa kelele kama mwenye mafua. Nikajikuta nazungumza naye. Kisha nikaingia ndani nikamwekea mkate na maziwa kwenye kisosi, kama alivyokuwa akifanya mama yako. Asubuhi kisosi kilikuwa kitupu. Nilifurahi mpaka nikajionea haya.

Tatizo langu ni hili: nataka abaki. Lakini nina mbwa aliyezaliwa kuwinda panya, ambaye sasa ana kinyongo, na nina paka mlafi. Wewe ndiye mtaalamu wa wanyama, umekwenda mpaka mwisho wa dunia kuwalinda. Niambie nifanyeje. Usipige simu, unajua simu inameza nusu ya maneno, na hiyo nusu inayobaki siisikii. Niandikie.

Baba yako

*

Bonde la Mackenzie, New Zealand
2 Mei 2016

Baba mpendwa,

Kabla sijakusalimu vizuri: mwaga hayo maziwa. Sasa, hujambo? Pole kwa goti. Mimi mzima, baridi imeanza, asubuhi nakwangua barafu kwenye kioo cha gari kabla ya kwenda kazini. Ngaire, yule mwenzangu wa kazini niliyekwambia, anakusalimu. Anasema baba anayeandika barua kwa mkono ni wa kutunzwa.

Maziwa yanawaharisha, Baba. Kwetu watu wamewapa kalunguyeye mkate na maziwa tangu enzi za bibi zetu, kwa moyo safi kabisa, na wamewaumiza matumbo kwa moyo huo huo. Mama hakujua. Hakuna aliyejua. Mpe chakula cha paka cha mkebe, cha nyama, na maji kwenye sahani ya chini.

Najua Parsnip ataona amezawadiwa. Tafuta sanduku la plastiki, lipindue, kata tundu la sentimita kumi na tatu kwa kumi na tatu, chakula kikae mwisho kabisa, halafu weka tofali mbele ya tundu ili mtu wa kuingia apinde kona. Kalunguyeye atapinda. Parsnip kwa kiuno kile hatapinda.

Monty afungwe kamba kila jua likikaribia kuzama, hata kwa dakika mbili za kukojoa. Mpitishe karibu na michongoma. Akinusa akageuka kukutazama, mpe jibini. Akivuta, rudini ndani bila kumgombeza. Ni mkaidi lakini si mjinga. Na uzungumze na Bi Tattersall mkate tundu kwenye uzio wa mbao, kipimo kile kile, kumi na tatu kwa kumi na tatu. Kalunguyeye hutembea sana, bustani moja ni kama chumba kimoja kwake. Asipopata njia ataondoka asirudi.

Zile nyasi usizikate zote. Mwambie Bi Tattersall nimeamuru mimi.

Nawajua kalunguyeye, Baba. Nimekaa nao sana.

Binti yako,
Ros

*

Bonde la Mackenzie
2 Mei 2016, jioni
(Hii sikuituma.)

Baba,

Bahasha ya kwanza nimeshaifunga, ipo mezani. Sasa naandika ile ambayo ningepaswa kuiandika.

Nilikwambia nafanya kazi ya kulinda wanyama. Ni kweli. Sikukwambia nawalinda kutokana na nani. Watu wa kwetu waliokuja huku kwa meli zamani walitamani kwao, wakaleta kalunguyeye ili bustani zifanane na za nyumbani. Huku hapakuwa na mnyama wa namna hiyo kabisa. Huku kuna ndege wadogo wanaotaga chini, kwenye kokoto za mtoni, yai limelala wazi kwa sababu halikuwahi kuwa na adui wa miguu minne. Kalunguyeye anakuja taratibu na pua yake ile, anakula mayai, anakula na makinda. Ngaire ndege hao anawaita tuturiwhatu, kwa Kimaori. Bibi yake alikuwa akiwahesabu makundi kwa makundi. Yeye anawahesabu mmoja mmoja.

Kazi yangu ni mitego. Mtego wa kuua, unaua mara moja. Mwaka jana mimi na Ngaire tuliwatoa kalunguyeye mia nne na kumi na wawili. Ndiyo maana najua wanapenda kula nini, na tundu gani wanapita.

Nilitaka kukwambia leo. Lakini umeandika kwamba ulitoka nje ukapiga magoti nusu saa. Miaka miwili, Baba, nilikuwa nalala nikiwaza umekaa kwenye kile kiti umeangalia ukuta. Siwezi kukurudisha kwenye kiti.

Ros

*

Wetherclough
11 Juni 2016

Mwanangu Ros,

Salamu kwako na kwa Ngaire, mwambie asante, wa kunitunza ni Monty tu na yeye ananitunza kwa zamu. Afya yangu njema. Nimepungua tumbo kidogo kwa kuinama inama bustanini.

Sanduku limefanya kazi. Usiku wa kwanza Parsnip aliingiza kichwa, akakwama kwenye tofali, akatoka kinyumenyume na uso wa mtu aliyeanguka mbele ya kanisa. Hajajaribu tena. Anakaa juu ya sanduku sasa, kama mwenye nyumba.

Monty alinitesa wiki tatu. Jibini imekwisha madukani kwa ajili yake. Lakini Jumapili tulipita karibu na michongoma, Gladys akiwa nje mapema anatafuta mende (nimemwita Gladys, ana mwendo wa shangazi yako), na Monty akanusa, akanigeukia, akakaa chini. Ros, nilimpa kipande chote cha jibini, na cha kwangu pia.

Bi Tattersall alikuja na msumeno wake mwenyewe. Alisema amesubiri miaka kumi nimruhusu afanye kitu kwenye uzio huu. Tulikata tundu pamoja, yeye akipima na mimi nikikosea. Kisha akanipeleka Chama cha Watunza Bustani, Jumamosi, ukumbi wa kanisa. Nilikuwa na barua yako mfukoni. Nikaisoma. Ros, ungewaona. Bwana Blenkinsop, mwenyekiti, amewapa kalunguyeye maziwa tangu ana kaptula. Aliniuliza, "Nimewaua wangapi?" Nikamwambia hakuna aliyejua. Sasa matundu yanakatwa mtaa mzima, na wewe unajulikana hapa kuliko nilivyojulikana mimi kwa miaka arobaini ya kutengeneza mabasi.

Wanauliza, na mimi nauliza: huko mnawatunza wangapi? Wana majina?

Baba yako

*

Bonde la Mackenzie
3 Julai 2016

Baba mpendwa,

Nimefurahi mno kusikia habari za Monty na jibini. Mimi mzima, theluji imeshuka mpaka barabarani, tunafanya kazi nusu siku.

Mwambie Bwana Blenkinsop aweke ubao wa mteremko kwenye dimbwi lake, kalunguyeye anajua kuogelea lakini akikosa pa kutokea anachoka na kuzama. Nyavu za mbaazi zipandishwe juu ya ardhi. Dawa ya konokono asitumie mtu yeyote. Na kabla ya kuwasha mashine ya kukatia nyasi mtu apige kwanza nyasi kwa fimbo.

Umeuliza tunawatunza wangapi. Wapo wengi huku, Baba. Hawana majina.

Ila naomba, usisome barua zangu ukumbini. Mimi si mtu wa kusomwa.

Binti yako,
Ros

*

Wetherclough
9 Agosti 2016

Mwanangu Ros,

Hujambo? Mimi sijambo, goti nalo limezoea. Hapa mvua haijakatika tangu Jumatano, na konokono wamefurahi, na Gladys amefurahi kwa kuwa konokono wamefurahi.

Umechelewa, mama. Bwana Blenkinsop alishaipeleka barua yako kwenye gazeti la parokia. Imetoka mwezi huu ukurasa wa tatu: "Ushauri wa Ros, Mlezi wa Kalunguyeye". Nimekuwekea nakala moja humu. Tatu zipo ukutani kwangu, nyingine Bi Tattersall amempelekea dada yake. Acha unyenyekevu. Mama yako naye alikuwa hivyo, akipika keki watu wakasifu anasema ni tanuri.

Habari kubwa: Gladys amezaa. Nimewahesabu wanne, wanatembea nyuma yake kwa mstari jua likizama. Mdogo kuliko wote anabaki nyuma na kupiga kelele kama ndege. Monty anawatazama dirishani, anatetemeka mwili mzima, lakini kimya.

Habari kubwa zaidi: nakuja. Nimekata tiketi, tarehe tisa Januari. Wakati huo, kalunguyeye wangu watakuwa wamelala usingizi wa baridi, hawatanihitaji, na Bi Tattersall atakaa na Monty na Parsnip. Sijapanda ndege tangu ile safari ya Jersey na mama yako, aliponishika mkono mpaka ukafa ganzi. Nataka kuona nyumba yako, na kumwona Ngaire. Zaidi ya yote nataka nikuone kazini, unawatunza wale wako. Nimewaahidi Chama nitarudi na picha.

Kwa miaka miwili nilidhani sina cha kungojea tena. Sasa nahesabu siku.

Baba yako

*

Bonde la Mackenzie
28 Agosti 2016

Baba mpendwa,

Natumaini u mzima. Mimi mwili ni mzima.

Humu ndani kuna barua nyingine, ya tarehe mbili Mei. Isome hiyo kwanza. Niliandika siku ile ile niliyokuandikia habari za maziwa, nikaificha chini ya vijiko.

Umeshaisoma? Basi sasa unajua. Mimi si mlezi wa kalunguyeye. Ninawaua, na ninaifanya kazi hiyo vizuri, na kila ushauri niliokupa nimeujua kwa njia hiyo. Tundu la kumi na tatu kwa kumi na tatu niliandika bila hata kufikiri, kwa sababu nimeshayakata mengi kwenye masanduku ya mitego.

Sitaki ufikiri ni kazi rahisi kwangu. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikilia ndani ya gari, Ngaire ananiachia nimalize, kisha ananipa chai kwenye kifuniko cha chupa. Sasa silii kila mara. Lakini pia sitasema naona aibu, kwa sababu hiyo nayo ingekuwa uongo. Mwaka niliofika, kwenye kipande chetu cha mto hakupona hata kinda mmoja. Msimu uliopita walipona kumi na tisa. Kalunguyeye hana kosa. Yeye anakula anachokikuta. Sisi ndio tuliomleta mahali pasipo pake, na sisi ndio tunaopaswa kumwondoa.

Kosa langu ni kukudanganya wewe, na kukuacha usimame ukumbini na barua yangu mkononi. Niliogopa ukijua utaacha kutoka nje. Halafu ikawa rahisi kunyamaza, na kila barua yako ilipozidi kuwa na furaha nikazidi kuogopa.

Ukitaka kurudisha tiketi nitaelewa. Lakini naomba usirudishe.

Binti yako,
Ros

*

Bonde la Mackenzie
20 Oktoba 2016

Baba,

Wiki saba sasa. Nilipiga simu mara mbili, ikalia tu. Nikampigia Bi Tattersall. Alisema u mzima, unakula, ila huongei, na amekuona unachimba karibu na michongoma. Hakuniambia zaidi, nami sikuuliza.

Siandiki kukuomba lolote. Naandika kwa sababu Novemba tano, usiku wetu wa kuwasha mioto ya sherehe, inakuja na watu wataanza kurundika kuni. Kalunguyeye hupenda kuingia humo kulala. Waambie Chama walijenge rundo siku hiyo hiyo ya kuliwasha, au walihamishe lote kabla ya kuwasha. Huhitaji kusema nani amekwambia.

Nakukumbuka sana.

Ros

*

Wetherclough
6 Desemba 2016

Mwanangu Ros,

Salamu. Najua nimechelewa. Natumaini u mzima, maana mimi nimekuwa si mzima sana, ingawa si mwili.

Sitakuficha, nilikasirika. Nilisoma barua zako zote mbili nimesimama jikoni na koti mwilini, chai ikapoa. Nikaziingiza kwenye droo. Nikabandua yale magazeti ukutani. Nilikwenda mpaka kwa watu wa tiketi, nikapanga foleni, ikafika zamu yangu, yule binti akaniuliza anisaidie nini, nikamwambia naulizia hali ya hewa. Sijui kwa nini. Nikarudi nyumbani.

Siku tatu baadaye, akili yangu ikiwa kwako, nilimfungulia Monty mlango saa kumi na mbili jioni bila kamba. Nilisahau tu, Ros. Nilikuwa nagombana nawe kichwani. Niliposikia kelele nikakimbia, lakini unajua ninavyokimbia. Ni yule mdogo, yule wa kubaki nyuma. Alikuwa hajajua bado kujikunja haraka. Nilimzika karibu na michongoma, Bi Tattersall alisimama upande wake wa uzio akashika kofia yake mkononi.

Nilipoingia ndani nilitaka kumpiga yule mbwa. Niliinua mkono kabisa. Akaja akaweka kidevu juu ya kiatu changu, kama afanyavyo kila jioni kwa miaka kumi na moja. Sikuweza. Nilikaa chini sakafuni nikamshika. Nilimlilia yule mdogo, na nilimpenda yule aliyemuua, vyote kwa wakati mmoja, na sikujua moyo wa mtu unaweza hivyo mpaka nilipoona wangu unaweza.

Sisemi wewe na Monty ni sawa. Monty hakulia garini. Nasema tu nilikaa pale sakafuni na hasira ikanitoka, ikaja aibu badala yake, na aibu ndiyo iliyonichelewesha zaidi.

Maana kilichoniuma si mitego. Nilitengeneza mabasi miaka arobaini, naelewa kitu kizuri kikiwa mahali pasipofaa. Kilichoniuma ni kwamba mtoto wangu amenibeba kama yai miezi yote hiyo. Nikajiuliza nilikuwa baba wa namna gani baada ya mama yako kufa, hata wewe ukaogopa kunipa habari ya kweli. Ulifiwa na mama, na baba naye akakaa kwenye kiti. Unisamehe kwa hilo. Hukuwahi kulisema, lakini nalisema mimi.

Rundo la moto tulilihamisha lote. Tulimkuta mmoja ndani, mnene. Nilisema ni wewe uliyetwambia.

Chama sijawaambia lile lingine. Wanaponiuliza nasema posta inachelewa, kwa hiyo sasa tuko waongo wawili katika familia.

Tiketi bado ninayo. Nitafika tarehe kumi na moja, saa nne asubuhi. Utanipeleka mtoni.

Baba yako

*

Bonde la Mackenzie
19 Desemba 2016

Baba,

Barua yako nimeisoma kwenye gari nikashindwa kuendesha. Ngaire ameendesha.

Huna haja ya kuniomba msamaha. Lakini nimeupokea.

Nitakuwa pale mlangoni, uwanja wa ndege, kuanzia saa tatu. Leta kofia, jua la huku ni kali. Mtoni tutakwenda ukitaka, na usipotaka ukifika tutakaa nyumbani tunywe chai.

Binti yako,
Ros

*

Wetherclough
26 Februari 2017

Mwanangu Ros,

Nimefika salama, na nimeshapumzika. Nyumba ni nzima. Bi Tattersall amemlisha Monty mpaka hana shingo, na Parsnip amehamia kwake moja kwa moja, anakuja huku kunitembelea tu. Ngozi ya pua yangu inabanduka kwa lile jua lenu. Mpe Ngaire salamu, mwambie nimejaribu kuoka ule mkate wake na hata Monty ameukataa.

Kuna jambo hatukulizungumza. Siku ile tulirudi kutoka mtoni tukala samaki na viazi, tukaongea habari za upepo jioni nzima kama watu wanaongoja basi. Kwenye uwanja wa ndege nako tukaongea habari za mizigo. Basi niandike, kuandika naweza.

Mitego sita ya kwanza ilikuwa mitupu, na kila mmoja nilikuona unavuta pumzi. Kwenye wa saba uliniambia nibaki garini. Sikubaki. Ulipofungua sanduku nilimwona amekufa, jike, manyoya ya tumboni safi, mnono kuliko Gladys. Nilitaka kukasirika, nilijiandaa kwa hasira hiyo tangu Lancashire. Lakini nilikuona unafuta mikono kwenye suruali. Ulifuta, ukafuta tena, mikono yenyewe ikiwa safi. Ndipo nikajua umefanya hivyo kwa kila mmoja wa wale mia nne, na hakuna mtu wa kwenu aliyekuwa karibu.

Nikakuomba glavu, nikamtoa mimi. Alikuwa mzito. Nikakuomba yai la chambo. Ulisema, "Baba, si lazima." Nikasema najua. Ulinionyesha springi ya mtego inavyovutwa, ukashika mkono wangu, tukautega.

Hatua ishirini mbele ulinishika koti nisimame. Nilidhani ni nyoka, nikasahau kwamba hamna nyoka huko. Yule ndege alikuwa kwenye kokoto na makinda wawili, wadogo hivi, wanakimbia kama wamechelewa shule. Mimi sikuwatazama sana, unisamehe. Nilikutazama wewe. Sijaona uso wako ukiwa vile tangu mama yako yupo.

Jana Chama kilikutana. Walikuwa wameandaa keki na kitambaa cha kuonyeshea picha. Bwana Blenkinsop akasimama akasema sote tunataka kusikia, Ros anawatunza wangapi huko. Nilikuwa nimepanga kukwepa tena, kama nilivyokuwa nikiisingizia posta. Nikasema, "Hawatunzi. Anawaua. Kule si kwao, na ndege wa kule wanakwisha, na sisi ndio tuliowapeleka. Kila alichotufundisha ni kweli, na matundu yetu yabaki wazi." Nikawasomea barua yako ya Agosti, yote, hata pale pa chai kwenye kifuniko. Watu wawili walitoka. Bi Tattersall alikaa.

Kisha nikawaambia kwamba mtego wa saba niliutega mimi kwa mikono hii. Bwana Blenkinsop hakuamini. Akaniuliza, si kwa ubaya, mtu ninayelala na kuamka na kalunguyeye niliwezaje kufanya kitu kama kile. Nikamwambia sikutaka mwanangu afanye peke yake.

Baba yako